Shajara ya mradi: kupima kromosfia za nyota tukiwa Changanyikeni

Mwanzo wa Machi

Msimamizi ameupitisha mradi kwa sharti moja: tusirukie nyota mia. "Chukueni tatu, mzijue kama mnavyowajua majirani zenu," akasema Mwalimu, kisha akarudi kwenye mitihani aliyokuwa akisahihisha. Basi ni tatu, na moja ya kujaribia.

Tunataka kujua kama mtu aliyekaa Dar es Salaam bila darubini anaweza kufuatilia sumaku ya nyota za mbali kwa kutumia spektra, yaani mwanga uliotawanywa kuwa rangi zake, ambazo wengine walizichukua kwa shughuli nyingine kabisa. Shughuli hiyo ni kuwinda sayari. Mwindaji wa sayari hupima jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari yake, mita chache kwa sekunde au hata chini ya hapo, na chochote kinachotoka kwenye nyota yenyewe, iwe madoa, milipuko au mchemko wa gesi, kwake ni kelele ya kusafishwa. Wenzetu wamekula wali, sisi tunakwangua ukoko. Na anayeujua ukoko habembelezwi.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kuwa mtu wa fizikia: uso wa nyota tunaouona unaitwa fotosfia, na juu yake kuna tabaka jembamba la gesi, kromosfia. Kwenye Jua, fotosfia ina joto la kelvini 5,800 hivi. Ukipanda, joto linashuka hadi kelvini 4,000 na ushei, halafu, kinyume na mtu anavyotegemea, linaanza kupanda tena. Kinacholipandisha ni nishati inayobebwa na mawimbi kutoka chini na, zaidi ya yote, uga wa sumaku. Penye sumaku kali kromosfia hung'aa zaidi. Kwa hiyo ukipima mng'ao huo umeipima sumaku kwa njia ya kuzunguka.

Mwenzangu, kijana wa mwaka wa tatu ambaye kwao ni Mbeya, aliniuliza kama ile pete aliyoiona Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 ndiyo kromosfia. Siyo. Kupatwa kule kulikuwa kwa pete: Mwezi haukulifunika Jua lote, na kilichobaki pembeni kilikuwa fotosfia ileile. Kromosfia huonekana pale Jua linapopatwa kikamilifu, ukingo mwembamba wenye wekundu wa waridi, kwa sekunde chache tu. "Sasa kaka, kwenye nyota nani atatuwekea Mwezi?" akauliza. Swali zuri, na jibu lake ndilo mradi wenyewe: tunachagua rangi ambazo fotosfia imejifunika yenyewe.

Rangi hizo ni mbili. Ziko mwisho kabisa wa urujuani, kwenye nanomita 393.37 na 396.85, na zinatokana na atomu ya kalsiamu iliyopoteza elektroni moja. Huitwa mstari wa K na mstari wa H. Kalsiamu ya fotosfia humeza mwanga mwingi mno katika rangi hizo, hivyo kwenye mchoro wa spektra panatokea shimo refu na pana. Chini kabisa ya shimo, kama nyota ina sumaku ya kutosha, kunainuka kilele kidogo cha mwanga. Hicho ndicho kromosfia. Karl Schwarzschild, yuleyule wa hesabu za mashimo meusi, na Gustav Eberhard waliripoti vilele hivyo kwenye nyota kadhaa mwaka 1913.

Katikati ya Machi

Nyota zimechaguliwa. Tau Ceti, miaka-nuru 11.9 kutoka hapa, maarufu kwa utulivu wake. Epsilon Eridani, miaka-nuru 10.5, changa na yenye fujo. Alpha Centauri B, miaka-nuru 4.37, iliyo katikati ya hizo mbili kwa tabia. Ya kujaribia ni Proxima, kibete nyekundu, yaani nyota ndogo yenye mwanga hafifu, ambayo najua itatusumbua.

Epsilon Eridani niliichagua pia kwa sababu isiyo ya kisayansi: hupita karibu utosini mwa Dar es Salaam. Iko nyuzi 9.5 kusini mwa ikweta ya anga, na jiji letu liko nyuzi 6.8 kusini, kwa hiyo mwezi Novemba, usiku wa manane, ukiinua kichwa inakuwa juu yako kabisa. Inaonekana kwa macho ukipata mahali penye giza. Ukiwa Mwenge na taa zile zote, sahau.

Spektra tunazitoa kwenye hifadhi ya wazi ya kituo cha Ulaya cha uangalizi wa anga la kusini, ESO. Zimechukuliwa na HARPS, spektrografu iliyofungwa kwenye darubini ya mita 3.6 huko La Silla, Chile, na iliyoanza kazi mwaka 2003. Chombo hicho kimekaa ndani ya tangi la ombwe, lililoondolewa hewa, na joto lake halibadiliki zaidi ya sehemu ndogo sana ya nyuzi moja. Nayaandika haya feni imesimama na shati limenigandia mgongoni. HARPS hutenganisha rangi mbili zinazotofautiana kwa sehemu moja tu katika 115,000. Ubainifu huo ndio unaotubeba. Kwa kifaa cha sehemu moja katika elfu moja, rangi zote ndani ya nanomita 0.4 huchanganyika kuwa kitu kimoja, na kilele chetu, ambacho upana wake ni chini ya hapo, kinazama moja kwa moja kwenye kuta za shimo.

Kila faili ni spektra moja iliyonyooshwa, kuanzia nanomita 378 hadi 691, kwa hatua ya 0.001. Ni zaidi ya nukta laki tatu kwa faili, na mafaili ni mengi. Tunapakua kwa bando la usiku. Umeme ukikatika, programu inakumbuka ilipoishia na kuendelea asubuhi. Hicho ndicho kipande cha kwanza cha msimbo tulichoandika, kabla hata ya kuchora mstari mmoja.

Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni jana jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hivi hizo nyota mnazisoma vipi na dirisha mmelifunga?"

Nikamwonyesha mchoro wa mstari wa K kwenye kompyuta. Akautazama kwa muda, akasema unafanana na karatasi za moyo za hospitalini, akaenda zake. Sikuwa na la kuongeza.

Mwisho wa Machi

Kazi ya wiki hizi imekuwa moja tu: kuhakikisha dirisha la kupimia, yaani kipande cha rangi tunachojumlisha mwanga wake, linakaa juu ya mstari na si pembeni yake. Inaonekana ndogo. Imekula muda kuliko yote.

Kwanza, nyota zinatembea. Tau Ceti inatusogelea kwa karibu kilomita 16.6 kwa sekunde, Epsilon Eridani inatukimbia kwa karibu kasi hiyohiyo, na Alpha Centauri B inakuja kwa kilomita 22 hivi. Kwa sababu ya athari ya Doppler (kitu kikikaribia, mawimbi ya mwanga wake hufupika; kikienda mbali, hurefuka), mstari wa K wa Alpha Centauri B unasogea nanomita 0.029 upande wa buluu. Dirisha letu lina upana wa nanomita 0.109 kwenye nusu ya kimo chake. Usiporekebisha, unakuwa umesogeza dirisha zaidi ya robo ya upana wake, na namba utakayopata itakuwa ya kitu kingine. Mwendo wa Dunia kulizunguka Jua tayari umeondolewa kwenye faili za HARPS. Mwendo wa nyota unauondoa mwenyewe.

Pili, hewa na ombwe. Mwanga hupungua kasi kidogo ukiwa hewani, na urefu wa wimbi nao unapungua. Mstari wa K ni 393.37 hewani, lakini kwenye ombwe ni 393.48. Tofauti ni nanomita 0.11, yaani karibu sawasawa na upana wa dirisha zima. Faili hizi za HARPS zimeandikwa kwa kipimo cha hewa. Vyombo vingine hutumia ombwe, na vingine hutoa vyote viwili. Tumeandika jaribio linalokagua kila faili: likikosa mstari wa K pale unapotarajiwa, faili linawekwa pembeni. Mwenzangu anaona nimezidisha. Mimi nasema subiri siku tutakapochanganya data za vyombo viwili.

Aprili, masika

Mvua inanyesha siku nzima, barabara ya kushuka Ubungo haipitiki, na mawingu yamefunga anga. Kazi haijasimama hata siku moja. Hii ndiyo raha ya kuangalia nyota kupitia hifadhi.

Sasa tunapima. Kipimo chenyewe kina umri mkubwa kuliko wazazi wa mwenzangu. Mwaka 1966 Olin Wilson, kwenye kituo cha Mount Wilson, California, alianza kupima mistari ya H na K ya nyota zinazofanana na Jua, akirudia mwaka hadi mwaka, ili aone kama nazo zina mzunguko kama ule wa madoa ya Jua wa miaka 11. Hakuna aliyekuwa na hakika atapata kitu. Ni kazi inayohitaji mtu asiyeharakia makala. Mwaka 1978 alichapisha jibu: ndiyo, zinabadilika, na baadhi zina mizunguko. Wenzake waliendelea na chombo kipya kwenye darubini ya inchi 60 ya hapohapo, na mwaka 1995 Sallie Baliunas na wenzake wakatoa kumbukumbu za nyota 111. Upimaji ule ulisimama mwaka 2003, mwaka uleule HARPS ilipoanza, ingawa kwa nia tofauti.

Kipimo cha Wilson huitwa kielezo cha S. Unachukua mwanga ndani ya madirisha mawili yenye umbo la pembetatu, moja juu ya K na jingine juu ya H. Unagawa kwa mwanga wa madirisha mawili mapana, ya nanomita 2 kila moja, yaliyo pembeni kwenye 390.1 na 400.1. Kisha unazidisha kwa namba ya kulinganishia ili kipimo chako kilingane na kile cha Mount Wilson. Uzuri wake ni kwamba ni uwiano. Wingu jembamba likipita, au kioo kikiwa na vumbi, mwanga wa juu na wa chini ya mgawanyo hupungua pamoja, na S haitikisiki sana. Kuna programu huria iitwayo ACTIN inayofanya haya yote. Tumeandika yetu kwanza, halafu tukalinganisha na ACTIN. Mwanafunzi aliyepewa namba tu na programu ya mtu hatajua pa kuanzia siku namba hiyo itakapokuwa ya ajabu.

Matokeo ya kwanza: Tau Ceti imetulia karibu na 0.17, ambapo Mount Wilson waliiweka. Epsilon Eridani iko maeneo ya 0.5. Ukiweka michoro hiyo miwili mmoja juu ya mwingine, huhitaji namba: shimo la Tau Ceti lina sakafu karibu bapa, la Epsilon Eridani lina kilele kimesimama katikati. Mwenzangu alikaa kimya, halafu akapiga meza. Nilimwelewa.

Epsilon Eridani haitulii hata kwa majuma machache. S yake hupanda na kushuka nyota inapojizungusha, kwa siku 11 na kidogo, kwa sababu maeneo yenye sumaku kali hayakusambaa sawasawa usoni mwake: yakigeuka upande wetu S inapanda, yakienda nyuma inashuka. Juu ya hayo kuna mzunguko wa karibu miaka mitatu uliokwisha kuripotiwa. Kwa Tau Ceti hatuoni chochote cha namna hiyo. Mtu anaweza kushawishika kusema imo kwenye usingizi kama ule wa Jua kati ya 1645 na 1715, madoa yalipokaribia kutoweka. Mimi sisemi. Kuna vipimo vya karibuni vinavyoonyesha kuwa tunaitazama nyota hiyo karibu kutoka kwenye ncha yake, na nyota ukiitazama hivyo, uso uleule unakukabili muda wote. Kwa hiyo kukosa mpandoshuko wa kujizungusha si ushahidi wa usingizi.

Mwisho wa Aprili

Proxima, kama nilivyotegemea. Kibete nyekundu haina mwanga wa kutosha huko kwenye urujuani, kwa hiyo madirisha mapana ya pembeni yanakuwa karibu matupu, na ukigawa kwa kitu kinachokaribia sifuri S inarukaruka kwa kelele za kamera badala ya sumaku ya nyota. Tumeweka kanuni: spektra yenye ishara dhaifu karibu na nanomita 393 haihesabiwi, hata kama upande wake mwekundu ni mzuri kiasi gani. Kanuni hiyo imefyeka sehemu kubwa ya Proxima.

Tunahamia mstari wa hidrojeni, 656.28, ambao kwenye nyota hii umesimama juu waziwazi badala ya kuzama. Ugomvi uliopo ni upana wa dirisha: wengine hutumia nanomita 0.16, wengine 0.06. Pana hukusanya mwanga zaidi lakini huchota pia kingo zisizohusika. Tunajaribu yote mawili. Isitoshe, upande huo mwekundu una mistari ya mvuke wa maji wa hewa yetu wenyewe, ambayo haihami na nyota.

Proxima inanipendeza kwa jambo moja. Sayari yake iliyotangazwa Agosti 2016 huizunguka kwa siku 11.2. Nyota yenyewe hujizungusha kwa zaidi ya siku 80. Vipimo vya kromosfia havionyeshi kitu kwenye siku 11.2, na ukimya huo ni sehemu ya sababu watu waliiamini sayari. Yaani kile wanachokiita kelele kiliitwa kutoa ushahidi, na kikatoa kwa kunyamaza.

Mei

Alpha Centauri B imechukua mwezi mzima, na sijutii.

Nyota hii ina historia. Oktoba 2012 ilitangazwa kwamba ina sayari yenye uzito wa karibu na Dunia, inayoizunguka kwa siku 3.24, kutokana na data za HARPS za 2008 hadi 2011. Mtikisiko uliodaiwa ulikuwa nusu mita kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea. Katika miaka hiyohiyo nyota ilikuwa ikipanda kwenye mzunguko wake wa sumaku, ambao ni wa karibu miaka minane, na mpando huo unaonekana wazi kwenye kalsiamu. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walitengeneza data bandia zisizo na sayari yoyote, zikiwa na tarehe zilezile za upimaji, na ishara ya siku 3.24 ikajitokeza tena. Sayari ikaondoka kwenye orodha. Sipendi watu wanavyoisimulia habari hii kama aibu: data zilikuwa wazi, mtu mwingine akazichukua, akaona. Na sisi tunazichukua faili hizohizo.

Mchoro wetu unaonyesha mpando ule wa 2008 hadi 2011 bila shida, na juu yake mawimbi madogo ya kujizungusha, kwa siku zinazokaribia 40. Mwalimu aliuangalia, akauliza kitu kimoja tu: "Mwanga wa A mmeuondoa?"

Ndilo tatizo la nyota hii. Alpha Centauri A, pacha wa B, na B yenyewe huzungukana kwa karibu miaka 80, na kufikia miaka ya 2015 na 2016 zilionekana zimekaribiana mno angani, sekunde nne hivi za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja katika 3,600 ya nyuzi moja). Usiku ambao hewa ya La Silla inatikisika, mwanga wa A, ambayo inang'aa zaidi na ina utulivu zaidi, unadondokea kwenye uzi unaopitisha mwanga wa B kwenda kwenye HARPS. S ya B inashuka kwa uongo. Tumetumia maelezo ya hali ya hewa yaliyo kichwani mwa kila faili kuziondoa faili za usiku mbaya, na jinsi miaka inavyosogea mbele ndivyo zinavyobaki chache.

Halafu kati ya Mei na Juni 2015 nyuzi za kupitisha mwanga za HARPS zilibadilishwa. Chombo cha kabla na cha baada ya hapo si kilekile kabisa. Kwenye kila mchoro tumechora mstari wa wima, na hatuunganishi nukta za pande mbili mpaka tuthibitishe kwa Tau Ceti, ambayo kwa kutobadilika kwake imekuwa mizani yetu. Nyota isiyokuwa na habari ndiyo tunayoifungua mara nyingi kuliko zote.

Juni

Mabishano ya umri. Mwaka 1972 Andrew Skumanich alilinganisha Kilimia na Hyades, ambayo ni makundi ya nyota, na Jua, akaona mng'ao wa kalsiamu na kasi ya kujizungusha hupungua kwa kipeuo cha pili cha umri: umri ukiongezeka mara nne, mng'ao unabaki nusu. Nyota inavyopuliza upepo wake inapoteza mwendo wa kujizungusha, na ikijizungusha taratibu sumaku inafifia. Mwenzangu anataka tuandike umri wa Alpha Centauri B kwenye ripoti. Nimekataa. Nyota moja iliyopimwa katikati ya mzunguko itakupa umri mmoja ikiwa juu na mwingine ikiwa chini; unahitaji wastani wa mzunguko mzima, na sisi mzunguko huo tumekatwa na mwanga wa A. Kwa Epsilon Eridani tunaweza kusema ni changa, chini ya miaka bilioni moja, na hapo hatutakuwa tumemzidi mtu yeyote aliyetutangulia. Ananuna kidogo. Ataandika aya yake na mimi yangu, Mwalimu ataamua.

Kinachokosekana kwenye jedwali ni Jua lenyewe, ambalo S yake hucheza kati ya 0.16 na 0.18 hivi. Darubini ya HARPS haielekezwi kwenye Jua, lakini imewahi kuchukua mwanga wa Jua ulioakisiwa na Mwezi na asteroidi Vesta, na faili hizo zimo kwenye hifadhi ileile. Mwenzangu ameanza kuorodhesha za Vesta. Zinahitaji marekebisho mawili ya Doppler badala ya moja, kwa sababu Vesta inatembea kulihusu Jua na kutuhusu sisi pia, na programu yetu kwa sasa inajua moja tu. Hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo, pamoja na dirisha la hidrojeni la Proxima, ambalo bado hatujakubaliana upana.